Mada ni "Kivuli": kivuli cha mtu kwenye kiti kitupu, mbona kinaonekana kimebandikwa?

Kurunzi

Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Mada ya shindano la mwezi huu ni "Kivuli". Wazo langu ni kiti kitupu mbele ya ukuta, jua la jioni linapiga kutoka kushoto, ila kivuli kinachoangukia ukutani ni cha mtu aliyeketi.

Hali ilivyo: kiti ni cha mbao, mgongoni kina fito, kiko kama mita 1 kutoka ukutani. Ukuta una plasta ya chengachenga, rangi ya krimu. Picha ya kiti ninayo RAW (faili ghafi ya kamera). Umbo la mtu nimelikata kwenye picha yangu nyingine, mtu kaketi, kapigwa ubavuni. Nimelijaza nyeusi, nikashusha ukolezo hadi 50%, nikatia ukungu kidogo, nikaliweka ukutani kulia kwa kiti, usawa uleule wa kiti. Kuhariri natumia GIMP 3 kwenye kompyuta, na Snapseed kwenye simu.

Matatizo:

1. Kivuli kinaonekana kama kibandiko. Hakikai ukutani.
2. Pale kinapopita juu ya kivuli halisi cha kiti panatokea doa jeusi zaidi.
3. Nikihifadhi JPEG, ukuta unatoka mistarimistari ya rangi badala ya kufifia taratibu.
4. Rangi zinapauka nikishaipandisha picha mtandaoni.

Masharti ya shindano: kila kipande kiwe picha ya mshiriki mwenyewe, hakuna picha zilizotengenezwa na akili bandia, angalau picha moja iwe ya mwezi huu. JPEG, upande mrefu pikseli 2048, isizidi MB 3. Waandaaji wanaweza kudai faili za awali.

PembeYaMwanga

Mkuu, nyeusi ndiyo inayokuponza. Kivuli cha jua ni ukuta uleule, ila umenyimwa jua na kubakiziwa mwanga wa anga. Anga likiwa la bluu, sehemu ya kivuli hupoteza nyekundu nyingi kuliko bluu. Nyeusi ya 50% inapunguza nyekundu, kijani na bluu kwa kiwango kimoja, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Rangi ya kivuli usiikisie, ipime. Kiti chako tayari kimeangusha kivuli ukutani, kwa hiyo jibu liko ndani ya picha yenyewe. Shika zana ya kudondoa rangi na uiweke ichukue wastani wa eneo, pikseli 15 kwa 15 hivi, la sivyo chembechembe za kamera (pikseli zinazorukaruka rangi) zitakupa namba za ajabu. Dondoa ukuta wenye jua, kisha dondoa katikati ya kivuli cha kiti karibu na hapo hapo. Tuseme umepata:

jua: 228, 214, 190
kivuli: 96, 104, 118

Gawanya kivuli kwa jua, kila rangi peke yake: 0.421, 0.486, 0.621. Zidisha kila moja kwa 255: utapata 107, 124, 158. Hiyo ndiyo rangi ya kujazia umbo lako. Ni kijivu chenye ubluu, hata haifanani na kivuli ukiitazama peke yake. Weka leya hiyo (tabaka la picha) katika hali ya Multiply, ukolezo 100%. Multiply inazidisha rangi ya juu kwa rangi ya chini, kwa hiyo 228 ya ukuta inashuka yenyewe hadi 96, na sehemu ya ukuta iliyo hafifu zaidi inashuka kwa uwiano huohuo. Ukiona bado kimezidi giza, pima upya. Ukianza kuvuta ukolezo juu chini utakuwa umerudi kwenye kubahatisha.

Namba hizo ni mfano tu. Ukuta wako utatoa zake, na saa ya jua inazibadilisha: jua likikaribia kuzama mwanga wake unakuwa wa manjano zaidi, tofauti na anga inaongezeka, na kivuli kinazidi ubluu. Sakafu ipimie uwiano wake. Inapokea mwanga wa anga kwa pembe nyingine na huenda inarudishiwa mwanga na ukuta.

Sasa lile doa. Vivuli vya jua moja havijumlishwi. Kiti kikishaziba jua mahali fulani, mtu hana jua la kuziba hapo tena, kwa hiyo giza linabaki lilelile. Weka maski kwenye leya ya kivuli cha mtu (kwenye maski nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha) na upake nyeusi juu ya eneo lote la kivuli cha kiti. Ila ukifuata kingo kwa usahihi kabisa utaona uzi mwembamba wa mwanga pale vivuli viwili vinapokutana, maana kila kimoja kinafifia ukingoni mwake. Acha vipishane pikseli chache, kisha safisha kiungo kwa brashi laini ya 20% ukiwa umekuza picha hadi 200%.

FremuMbili

PembeYaMwanga amemaliza habari ya rangi. Lakini hata rangi ikiwa sahihi hicho kivuli hakitakaa, kwa sababu mahali ulipokiweka jua haliwezi kukiangusha. Umesema umekiweka "usawa uleule wa kiti". Hesabu kidogo.

Chukulia jua liko nyuzi 20 juu ya upeo wa macho na linapiga ukuta kwa mshazari wa nyuzi 45. Kiti kiko mita 1 kutoka ukutani, hivyo mwanga unasafiri mita 1.41 ukipimwa kwa mlalo. Katika safari hiyo unashuka 1.41 × 0.364, yaani sentimita 51. Utosi wa mtu aliyeketi ukiwa sentimita 130 kutoka sakafuni, kivuli chake kitagonga ukuta kwenye sentimita 79. Kalio la kiti liko sentimita 45? Hilo halifiki ukutani kabisa, kivuli chake kinaishia sakafuni. Kwa hali hiyo ukutani panatakiwa kuonekana kiwiliwili na kichwa tu, na vilivyobaki vilale sakafuni vikikunjika kwenye kona ya ukuta na sakafu. Wewe umemweka mtu mzima ukutani. Jicho haliwezi kupiga hesabu hiyo, lakini linalinganisha na kivuli cha kiti kilichopo na kuona viwili hivyo havikubaliani.

Ukitaka sehemu kubwa ya mwili ipande ukutani una njia mbili: subiri jua lishuke hadi nyuzi 10 hivi (mshuko unakuwa sentimita 25), au sogeza kiti hadi nusu mita kutoka ukutani. Nusu mita inapunguza mshuko kwa nusu, lakini pia inakileta kivuli karibu na kiti, na hapo vinaweza kuzibana.

La pili ni umbo lenyewe. Kivuli ni umbo la mtu kama jua linavyomwona. Kamera haihusiki. Jua likitoka kushoto kwa nyuzi 45, haliuoni ubavu kamili, linamwona kwa robo tatu. Kwa hiyo picha ya kukatia umbo ipigwe ukiwa umesimama upande wa jua, jua likiwa mgongoni mwako, kamera mbali kiasi ili mwili usipotoshwe na ukaribu. Halafu umbo ulitanue kwa mlalo kwa takriban 41%, maana kivuli kinachogonga ukuta kwa nyuzi 45 hutanuka hivyo. Ukilitumia bila kulitanua, mtu atatoka mwembamba kuliko kiti chake.

Lakini mimi nisingehangaika na kukata maumbo. Masharti yako yanaruhusu kuunganisha picha zako mwenyewe, na kiti unacho. Piga fremu mbili, moja mtu kaketi, nyingine kiti kitupu, kisha chukua kivuli kutoka ya kwanza na kiti kutoka ya pili. Rangi, kingo, mshuko, vyote jua linakufanyia. Zinakuwa dakika 15 za kuhariri badala ya saa tatu.

Kamera iwe kwenye stendi, imetazama ukuta moja kwa moja, kimo cha kalio la kiti au juu kidogo. Kila kitu kiwe cha mkono: ISO 100, f/8, shata kulingana na ukuta (anza na 1/250 utazame histogramu), fokasi ifungwe kwenye kiti, mizani ya weupe iwe 5500 K. Ukiiacha kamera ijiamulie, fremu yenye mtu itatoka na mwanga tofauti na ile tupu, na kiungo kitaonekana. Jua liwe kushoto kwa nyuzi 45 au zaidi, ili kivuli kisogee kulia walau mita 1. Likiwa mbele zaidi, kivuli kinajificha nyuma ya mwili, na sehemu ya ukuta iliyozibwa na mwili huwezi kuipata kwenye fremu yoyote.

Weka alama za chaki kwenye miguu ya kiti. Anayekaa asikisogeze hata sentimita wakati wa kunyanyuka, kwa hiyo anyanyuke kwa kusukuma mapaja, asishike kiti. Na fanya haraka: jua linasogea takriban nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kila dakika 4, na kwa umbali wako hiyo ni sentimita 2 hadi 4 za kivuli ukutani. Fremu mbili zipishane sekunde 30, si zaidi. Wingu jembamba likipita katikati, rudia zote mbili.

Kitu ambacho wengi hukisahau ni miguu ya mtu. Akikanyaga sakafu, kivuli cha miguu kinaanzia kwenye viatu. Ukishamwondoa, kivuli kinaanza kutoka hewani katikati ya sakafu. Miguu ikae juu ya upau wa chini wa kiti, basi kivuli chake kitaungana na cha kiti na hakutakuwa na pa kuanzia pa ajabu. Nguo za kubana kidogo, rangi ya kijivu isiyong'aa. Shati jekundu kwenye jua linarusha wekundu kwenye sakafu na ukuta wa karibu, na wekundu huo utabaki baada ya mtu kuondoka.

Kuunganisha: fungua fremu yenye mtu, ingiza tupu kama leya ya juu, ipe maski nyeupe. Kwa brashi laini paka nyeusi juu ya eneo la kivuli. Mpaka wa maski uupitishe mahali ambapo fremu zote mbili zinafanana: ukuta mtupu wenye jua, au kivuli cha miguu ya kiti. Usiupitishe kwenye kivuli cha mgongo wa kiti. Kiti kitupu kinaacha mistari ya jua kati ya fito, mtu akikaa mistari hiyo inazibika, na ukikata katikati yake utapata fito nusu.

Kurunzi

Asanteni sana. Kurudia picha naweza, kiti na ukuta vipo, na mwezi bado haujaisha. Maswali mawili. Kwanza, nikiwa peke yangu, naweza kukaa mwenyewe? Pili, nataka pia nijaribu kuirekebisha hii niliyonayo, maana siku ile anga lilikuwa zuri na sijui kama nitalipata tena. Ukungu wa kingo niweke kiasi gani?

FremuMbili

Unaweza. Kipima muda cha sekunde 10 kinatosha, au rimoti ya simu. Anza na fremu ya kukaa, kisha nyanyuka, toka kabisa eneo la jua na upige tupu. Hakikisha kivuli chako unapokwenda kwenye kamera hakiangukii ndani ya fremu.

Kuhusu ukungu namwachia mwingine, mimi sipaki vivuli.

ChengaZaPlasta

Nijibu la ukungu, maana hapo ndipo vivuli vingi vya kutengeneza vinapofia.

Jua si nukta, lina upana wa takriban nusu nyuzi angani. Kwa hiyo ukingo wa kivuli unafifia kadiri kitu kinavyokuwa mbali na ukuta: kama milimita 9 kwa kila mita ambayo mwanga umesafiri. Mkono ulio sentimita 30 kutoka ukutani una ukingo wa milimita 3, bega lililo mita 1.4 lina milimita 13. Ukungu wa kipimo kimoja kwa umbo zima ndio unaoleta ile hali ya kibandiko.

Geuza milimita kuwa pikseli. Pima kitu unachokijua urefu ndani ya picha, mfano mgongo wa kiti. Ikiwa mita 1 ya ukuta ni pikseli 1500, basi milimita 9 ni pikseli 14. Huo ni upana mzima wa kufifia. Namba unayoiandika kwenye ukungu wa Gauss ni karibu robo yake, yaani 3.5. Ukiandika 14 utapata kivuli cha siku ya mawingu mepesi, nacho hakitafanana na kivuli cha kiti kilicho pembeni yake. Jua likipiga kwa mshazari, ukingo unatanuka zaidi kwa mlalo kuliko kwa wima. Kwa nyuzi 45 tumia 5 kwa mlalo na 3.5 kwa wima. GIMP inakuruhusu kutenganisha namba hizo mbili ukifungua kile kimnyororo kinachozifunga pamoja.

Ukungu uutie kwenye maski, usiutie kwenye picha. Jaza leya nzima rangi ya kivuli, umbo likae kwenye maski. Hapo unaweza kuchagua kichwa na mabega ukaongeza ukungu kidogo, ukapunguza sehemu iliyo karibu na ukuta, bila kuharibu rangi.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeligusa: plasta yako ya chengachenga. Jua la mshazari likipiga ukuta wa namna hiyo, kila chenga inang'aa upande mmoja na kuangusha kikivuli chake upande wa pili. Ndani ya kivuli halisi vikivuli hivyo havipo, kwa kuwa mwanga wa anga unatoka pande zote. Kuza kivuli cha kiti hadi 100% uone, ukuta umelainika mle ndani. Kisha tazama kivuli ulichopaka kwa Multiply: chenga zote zina jua bado, zimetiwa giza tu. Hicho ndicho kinachokufanya useme "hakikai ukutani".

Tiba yake: nakili leya ya ukuta, iweke chini ya leya ya kivuli, itie ukungu wa Gauss wa pikseli 2 hadi 3 (au kichujio cha wastani wa kati, kinatunza nyufa na madoa vizuri zaidi), ipe nakala ya maski ileile ya kivuli, shusha ukolezo hadi 50 au 60%. Linganisha na kivuli cha kiti mpaka chenga zilingane. Usifike 100%, ukuta utageuka plastiki.

Halafu rudisha chembechembe. Kivuli halisi kina chembechembe nyingi kuliko sehemu yenye jua, maana kamera imepokea mwanga kidogo pale. Chako kimetokana na sehemu yenye jua, kisha umekilainisha, kwa hiyo ni kisafi kupita kiasi. Ongeza chembechembe za Gauss kidogo sana, zisizo na rangi, ndani ya kivuli tu, huku ukilinganisha na cha kiti kwa 100%.

Na usisahau kuzuia kivuli kisipande juu ya kiti chenyewe. Kiti kiko mbele ya ukuta. Nguzo ya mgongo ikikatiza kivuli, nguzo inabaki na jua lake.

TatuKwaMbili

Niseme tofauti kidogo na wenzangu. Ufundi mmeumaliza, lakini hili ni shindano la mada. Anayepiga kura anaiona picha kwanza ikiwa ndogo, katikati ya nyingine nyingi zenye kivuli. Ipunguze hadi upana wa pikseli 200 uitazame. Kama kwa ukubwa huo huoni kwamba kiti ni kitupu NA kivuli kina mtu, chenga za plasta hazitakuokoa.

Kinachosomeka kwenye picha ndogo ni muhtasari wa umbo. Kichwa kisigusane na bega, mwambie anayekaa ainue kidevu na apindue uso kuelekea upande ambao jua litautupa ubavu wake ukutani. Mkono utoke mwilini, uache pengo la mwanga. Akishika kitabu kilichofunguliwa au kikombe mbele ya uso, mtazamaji anajua mara moja kwamba yule ni mtu anayefanya jambo. Mikono ikiwa imelala mapajani, kivuli kinakuwa bonge lisilo na jina.

Kata kingo ili kiti na kichwa cha kivuli vikae pande mbili za fremu, na katikati paachwe wazi. Ondoa soketi, waya, misumari ukutani. Kila doa jeusi linashindana na kivuli. Na acheni hii tabia ya kutia giza pembe nne za picha kwa kila mada. Kwenye mada ya kivuli hasa, pembe zilizotiwa giza ni vivuli visivyo na chanzo, na hapo kwenye ukuta wa krimu zitaonekana waziwazi.

PembeYaMwanga

Kwenye pembe sikubaliani kabisa. Kuzishusha kidogo, theluthi moja ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), kunalibakiza jicho ndani, hasa kama ukingo wa kulia wa ukuta unang'aa kuliko kiti. Ila zishushwe kabla ya kupima rangi za kivuli. Ukizishusha mwishoni kabisa pia hutakosea, lakini ukizishusha katikati ya kazi, vipimo vyako vyote vimepitwa.

TatuKwaMbili

Theluthi moja sawa. Ninazoziona mashindanoni ni stopu mbili.

Kurunzi, kuhusu simu: Snapseed ina zana ya kuunganisha picha mbili na ina hali ya kutia giza, ile inayochagua pikseli nyeusi zaidi kati ya picha mbili. Kwa njia ya FremuMbili hiyo inafanya kazi, kwa sababu kivuli ni cheusi kuliko ukuta. Tatizo ni kwamba itaingiza pia nywele na nguo za mtu zilizo nyeusi kuliko kilicho nyuma yake. Ingiza picha, thibitisha, kisha rudi kwenye orodha ya hatua za uhariri, fungua hatua hiyo na upake kwa brashi eneo la kivuli tu. Kulitanua umbo kwa mlalo au kulikunja kwenye kona ya sakafu ndani ya zana hiyo haiwezekani, kwa hiyo picha uliyonayo irekebishe kwenye kompyuta.

MlangoWaMwisho

Naona matatizo namba 3 na 4 yameachwa peke yake.

Mistari kwenye ukuta. JPEG ina biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi. Ukuta wa krimu unaofifia taratibu kutoka 228 hadi 205 una ngazi 24 tu, zimetandazwa kwenye pikseli mia kadhaa, kwa hiyo kila ngazi ni utepe mpana. Ukizivuta tena kwa kontrasti, nafasi kati ya ngazi zinapanuka na macho yanaziona. RAW yako ina biti 12 au 14, yaani ngazi 4096 au 16384, basi usizitupe mapema: itoe kutoka kwenye programu ya RAW ikiwa TIFF ya biti 16, fungulia GIMP hapohapo, na kazi yote uifanye kwenye biti 16. Kushuka hadi biti 8 kuwe hatua ya mwisho kabisa, na wakati wa kushuka chagua kutawanya makosa (dithering) badala ya kuacha namba zikatwe. Kulainisha ukuta alikokueleza ChengaZaPlasta kunaongeza hatari ya mistari, ndiyo sababu nyingine ya kurudisha chembechembe. Chembechembe ndogo zinavunja mipaka ya ngazi.

Rangi kupauka. Karibu kila mara ni wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema namba zake zisomwe kama rangi zipi. Picha ikiwa Adobe RGB na tovuti ikaondoa wasifu, kivinjari kinazisoma namba zilezile kana kwamba ni sRGB, na rangi zinalala. Picha za iPhone nazo huwa Display P3, zina tatizo la namna hiyohiyo. Geuza kwenda sRGB kabla ya kuhifadhi. Angalia menyu vizuri: kuna amri ya kugeuza na kuna amri ya kukabidhi wasifu. Ya kugeuza inabadilisha namba ili mwonekano ubaki. Ya kukabidhi inaacha namba na kubadilisha mwonekano. Wewe unataka ya kwanza.

Mpangilio wa mwisho ninaoupendekeza, kwa kufuatana: hifadhi faili ya kazi yenye leya zote (XCF). Tengeneza nakala, ibane leya ziwe moja. Geuza kwenda sRGB. Punguza upande mrefu hadi 2048. Baada ya kupunguza ndipo unoe, kipenyo cha pikseli 0.5 hadi 0.7, nguvu ya wastani. Ukinoa kabla, au kwa kipenyo cha 2 na kuendelea, ukingo wa kivuli utapata mstari mweupe unaouzunguka, na kazi yote ya nusu-kivuli (ule ukingo unaofifia) imekwenda na maji. Kwa usalama zaidi noa kiti na sakafu tu kwa maski, kivuli ukiache. Shuka biti 8. Hifadhi JPEG ya ubora 90, na kwenye mpangilio wa ziada chagua 4:4:4, inayobakiza taarifa zote za rangi. Ile 4:2:0 inapunguza taarifa za rangi hadi robo, na mpaka kati ya krimu ya manjano na kivuli cha bluu ndipo inapoonekana. Ikizidi MB 3 shusha ubora hadi 86 au 85 kabla ya kufikiria kugusa 4:4:4.

Taarifa za faili: fungua fremu ya mwezi huu kwanza, nyingine ziingie kama leya. Ukianza na turubai tupu na kubandika picha ndani yake, tarehe ya kupigwa haiji, na mwandaaji atakuwa hana namna ya kuthibitisha sharti la mwezi. Mahali ulipopigia unaweza kupaondoa bila kugusa tarehe, kwa programu ya exiftool:

exiftool -gps:all= picha.jpg

Inaacha faili ya zamani pembeni ikiwa na jina picha.jpg_original. Hiyo usiipandishe kwa bahati mbaya, ina kila kitu.

Kurunzi

Nimepima ukuta wangu kama PembeYaMwanga alivyosema. Jua 221, 203, 172, kivuli cha kiti 88, 93, 101. Nimepata 102, 117, 150. Nimejaza, doa la kupishana nimeliziba kwa maski, na kweli rangi imekaa. Ila sasa upande wa kulia kabisa wa ukuta kivuli kinaonekana cheusi kuliko kile cha kiti, ingawa rangi ni ileile. Ni nini?

PembeYaMwanga

Hesabu yako iko sawa. Huko kulia kuna kitu kinachoupa ukuta mwanga wa ziada, pengine kona ya ukuta mwingine wenye jua au sakafu nyeupe. Kivuli halisi pale kingekuwa chepesi na chenye joto kidogo, lakini wewe umetumia uwiano uliopimwa kwenye kiti. Tafuta chochote kingine chenye kivuli upande huo, hata kichwa cha msumari au ukingo wa soketi (usizifute kwanza!), pima uwiano wa pili, halafu jaza leya kwa mteremko wa rangi kutoka uwiano wa kushoto kwenda wa kulia badala ya rangi moja. Kama hakuna hata msumari, anza kwa kuongeza 8 kwenye nyekundu, 6 kwenye kijani na 3 kwenye bluu mwisho wa kulia, tazama, endelea.

FremuMbili

Au ngoja jua la kesho jioni.